Upofu wa Watoto Njiti na Njia ya Misafara ya Tabora: Historia ya Ugonjwa Usioonekana Katika Kumbukumbu

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya upofu wa utotoni katika Tabora na maeneo yaliyopitiwa na njia ya kale ya misafara, kati ya mwaka 1857 na wakati wa sasa. Swali linaloiongoza ni moja: kwa nini ugonjwa wa retina ya watoto njiti, uliopofusha maelfu ya watoto huko Marekani na Ulaya katikati ya karne ya 20, hautajwi katika vyanzo vinavyozungumzia macho ya watu wa eneo hili? Kwa kulinganisha maandishi ya wasafiri, tafiti za macho zilizofanyika katikati ya Tanzania na takwimu za kitaifa za vifo vya watoto, makala inajenga hoja kwamba ukimya huo ni alama ya vifo, si dalili ya afya. Ugonjwa huu humpata mtoto aliyenusurika. Kadiri huduma za watoto wachanga zinavyofika katika hospitali za mikoa, ndivyo hatari yake inavyokaribia, hasa pale oksijeni inapotangulia na uchunguzi wa jicho ukachelewa.

1.0 Utangulizi

Historia ya Tabora imeandikwa zaidi kwa kufuata vitu vilivyopita mjini hapo: pembe za ndovu, nguo, shanga, chumvi ya Uvinza, bunduki, watumwa, na baadaye mabehewa ya reli. Maradhi nayo yalipita. Wanahistoria wamekwisha kuonesha kwamba ndui, kuhara na homa zilisafiri pamoja na wapagazi. Macho, hata hivyo, yametajwa kwa nadra na kwa kupita tu, na macho ya watoto wachanga hayakutajwa karibu kabisa.

Makala hii inajaribu kuziba sehemu ya pengo hilo. Eneo linalohusika ni ukanda wa njia ya kati, kutoka Mpwapwa na Ugogo, kuvuka Mgunda Mkali, hadi Unyanyembe ambako Tabora ilikulia, kisha Uvinza na Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Leo ukanda huo umo katika mikoa ya Dodoma, Singida, Tabora na Kigoma. Ushahidi wa Ugogo unatumika kwa uzito mkubwa kwa sababu mbili. Kwanza, Ugogo na Unyamwezi viliunganishwa na njia moja, na baadaye na reli moja. Pili, tafiti muhimu za kitabibu kuhusu macho ya watoto katika ukanda huu zilifanyika huko, hususan Mvumi na Kongwa.

Jambo moja la mbinu linafaa kutajwa mapema. Makala haikusudii kumpa mtu wa karne ya 19 jina la ugonjwa lililobuniwa katika karne ya 20. Mboni nyeupe iliyotajwa na msafiri inaweza kuwa mtoto wa jicho, kovu la ndui, uvimbe ndani ya jicho au retina iliyobanduka. Chanzo cha maandishi hakiwezi kuamua baina ya hayo. Kinachoweza kuchunguzwa kihistoria ni mazingira: nani aliishi muda wa kutosha apofuke, kwa sababu gani, na nani alikuwapo kumwona na kuandika.

2.0 Ugonjwa wenyewe na historia yake duniani

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo kupitia neva ya macho. Mishipa yake ya damu huanza kuota pale neva hiyo inapoingilia jicho, takribani wiki ya 16 ya ujauzito, na kusambaa polepole kuelekea pembezoni. Upande wa pua hukamilika karibu na wiki ya 36, na upande wa sikio karibu na wiki ya 40. Mtoto anayezaliwa katika wiki ya 28, kwa hiyo, huja duniani na retina ambayo sehemu yake ya nje haijafikiwa na mishipa.

Hatari huja kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, mtoto hutolewa kwenye mazingira ya tumbo yenye oksijeni kidogo na kuwekwa kwenye hewa yenye oksijeni nyingi zaidi, na pengine huongezewa nyingine kwa mashine. Wingi huo hushusha kiwango cha protini inayochochea ukuaji wa mishipa, nayo mishipa husimama. Katika hatua ya pili, wiki kadhaa baadaye, retina inaendelea kukua na kuhitaji oksijeni, ilhali haina mishipa ya kuileta. Protini ileile hupanda kupita kiasi. Mishipa mipya huchipua bila mpangilio, huelekea katikati ya jicho badala ya kutambaa juu ya retina, huvuja damu na kuacha nyuzi za kovu. Nyuzi hizo zikijikunja huivuta retina na kuibandua. Ikibanduka yote katika macho mawili, mtoto huwa kipofu, na upasuaji wa baadaye hurejesha kidogo sana.

Ugonjwa huu una mwanzo unaojulikana katika maandishi ya tiba. Mwaka 1942, daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, alieleza hali ya utando mweupe nyuma ya lenzi katika jicho la mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Ndani ya miaka michache wagonjwa waliongezeka, na jambo la kushangaza ni kwamba waliongezeka zaidi katika hospitali bora, zenye vitamizi vipya vilivyofungwa na oksijeni ya kutosha. Mwaka 1951, Kate Campbell wa Melbourne alichapisha uchunguzi uliohusisha ugonjwa na wingi wa oksijeni. Nchini Uingereza, Norman Ashton na wenzake walionesha kwa majaribio ya watoto wa paka namna oksijeni inavyofunga mishipa michanga ya retina. Utafiti wa pamoja uliohusisha hospitali 18 za Marekani, ulioanza 1953 na kutangaza matokeo yake 1954, ulimaliza shaka. Kufikia wakati huo inakadiriwa kwamba watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka.

Kilichofuata kina uzito mkubwa kwa hoja ya makala hii. Hospitali nyingi zilibana oksijeni kwa kiwango kikali, na upofu ukapungua haraka. Lakini mwaka 1973 Kenneth Cross, akichambua takwimu za vifo, alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa na upofu, watoto wapatao 16 walikuwa wamekufa kwa kunyimwa oksijeni. Suala hilo halijafungwa. Jaribio kubwa lililochapishwa Marekani mwaka 2010 lililinganisha viwango viwili vya oksijeni katika damu ya watoto njiti. Katika kundi la kiwango cha chini, ugonjwa mkali wa retina ulikuwa asilimia 8.6, dhidi ya asilimia 17.9 katika kundi la juu. Lakini vifo kabla ya kutoka hospitalini vilikuwa asilimia 19.9, dhidi ya asilimia 16.2. Oksijeni, basi, haiwezi kuwekwa upande mmoja tu wa mizani. Inaokoa uhai na inaweza kuchukua macho, na kinachoamua ni kipimo na usimamizi.

3.0 Macho kwenye njia ya misafara, 1857–1914

Vyanzo vya maandishi kuhusu macho katika njia ya Tabora vinaanza na wasafiri wenyewe kuugua. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kuingia Kazeh, katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Walipokelewa na wafanyabiashara Waarabu, wakiongozwa na Snay bin Amir, na kukaa huko wiki kadhaa. Baada ya kuondoka kuelekea magharibi, Burton alipoteza nguvu za miguu kwa homa, na Speke akashikwa na uvimbe mkali wa macho. Tarehe 13 Februari 1858 msafara ulipopanda kilima na Ziwa Tanganyika likaonekana, Sidi Mubarak Bombay alilitambua kuwa ni maji, lakini Speke aliona ukungu na mng'ao tu. Miaka kumi na tano baadaye, mwaka 1873, Verney Lovett Cameron naye alipofushwa kwa muda na ugonjwa wa macho alipokuwa Unyanyembe.

Matukio hayo yanajulikana sana kwa sababu wagonjwa walikuwa waandishi. Thamani yake kwa mwanahistoria wa afya iko mahali pengine: yanathibitisha kwamba maambukizi ya macho yalikuwa ya kawaida njiani, kwenye vumbi, moshi wa kambi, nzi na uhaba wa maji ya kunawa. Wapagazi waliougua vivyo hivyo hawakuandika. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonesha kwamba misafara ya Wanyamwezi ilikuwa jamii zinazotembea, zenye wanawake na watoto, wala si safu ya wanaume peke yao. Watoto walibebwa migongoni kwenye njia hiyohiyo na kukaa kwenye kambi hizohizo. Hata hivyo, katika maandishi ya wasafiri mtoto huonekana kama mzigo wa mama yake au kama idadi, si kama mgonjwa.

Ndui ilikuwa adui mkubwa zaidi. Burton aliieleza kama maradhi yaliyoogopwa kuliko yote, na alikutana na msafara uliopoteza watu wengi kwa sababu yake. Ndui iliua, na iliyemwacha hai pengine ilimwachia kovu kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Hivyo basi, tangu mwanzo wa kumbukumbu za eneo hili, upofu wa utotoni unajitokeza kama deni la kunusurika: mtoto aliyepona homa alilipa kwa jicho. Utaratibu huo utajirudia katika sura nyingine.

Ujio wa utawala wa Kijerumani, vita dhidi ya mtemi Isike vilivyomalizika Januari 1893, na hatimaye reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, vilibadili namna ya kusafiri. Safari ya miezi minne ikawa ya siku. Kwa mantiki ya kawaida, tiba nayo ingefuata reli kwa kasi hiyohiyo. Haikuwa hivyo. Chini ya Waingereza, tiba ya serikali katika magharibi ya Tanganyika ilielekezwa kwa kiasi kikubwa kwenye malale, na katika miaka ya 1920 na 1930 wakazi wengi walihamishiwa kwenye makazi ya pamoja ili kuepushwa na mbung'o. Jicho la mtoto halikuwa miongoni mwa mambo yaliyohesabiwa.

4.0 Surua, lishe na kovu la konea

Mtoto asiyeona alianza kuonekana katika kumbukumbu rasmi pale shule zilipoanzishwa kwa ajili yake. Shule ya Buigiri, mashariki ya Dodoma, ilianza mwaka 1950 chini ya kanisa la Anglikana, na baadaye Tabora ikapata Shule ya Furaha chini ya kanisa Katoliki. Shule hizi ni chanzo muhimu, lakini ni chanzo chenye chujio. Aliyeandikishwa ni yule aliyepona maradhi, akafikisha umri wa shule, akajulikana kwa mmisionari au mwalimu, na akaruhusiwa na wazazi kuondoka nyumbani. Orodha ya wanafunzi wasioona si orodha ya watoto waliopofuka.

Ndani ya chujio hilo, picha ya muda mrefu ilikuwa moja: konea zenye makovu. Maelezo kamili ya chanzo chake yalitoka Mvumi, hospitali ya misheni iliyo kusini-mashariki ya mji wa Dodoma. Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha mwaka 1987 uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea, na kubaini kwamba asilimia 37 ya vidonda hivyo vilihusiana na surua ya karibuni. Surua ilikutana na upungufu wa vitamini A, virusi vya malengelenge na matumizi ya dawa za kienyeji machoni, na konea ikayeyuka ndani ya siku chache. Mwaka huohuo Barclay, Foster na Sommer walichapisha jaribio la vitamini A kwa watoto waliolazwa kwa surua: kati ya 88 waliopewa, 6 walikufa; kati ya 92 ambao hawakupewa, 12 walikufa. Huko Kongwa, watafiti walioongozwa na Sheila West walionesha mwaka 1995 kwamba kuwanawisha watoto uso, sambamba na dawa ya macho, hupunguza trakoma kali.

Tafiti hizi zina maana mbili kihistoria. Ya kwanza ni kwamba upofu wa konea uliweza kuzuiwa kwa vitu vya bei ndogo: chanjo, matone ya vitamini A, maji na kitambaa. Mpango wa taifa wa chanjo ulioanza 1975, pamoja na ugawaji wa vitamini A uliofuata, ulifanya kazi hiyo, na uchunguzi wa shule za wasioona za Kenya, Malawi, Tanzania na Uganda uliochapishwa 2009 ulionesha kwamba sehemu ya makovu ya konea ilikuwa imepungua ikilinganishwa na miaka ya 1990. Ya pili ni kwamba kinga hizo ziliweza kungoja. Mtoto aliyekosa chanjo mwezi huu aliweza kuipata mwezi ujao gari la kliniki lilipofika kijijini. Ugonjwa wa retina ya watoto njiti hauna subira hiyo.

5.0 Ukimya wa mtoto njiti

Clare Gilbert na wenzake walipokusanya takwimu za shule za wasioona katika nchi mbalimbali miaka ya 1990, walikuta mgawanyiko ulio wazi. Nchini Cuba, zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye upofu au uoni hafifu mno walikuwa wamepata hali hiyo kutokana na ugonjwa wa retina ya watoto njiti. Katika nchi nyingi za Afrika zilizochunguzwa, hakuonekana hata mtoto mmoja.

Ingekuwa rahisi kusoma sifuri hiyo kama habari njema. Usomaji huo unakosea kwa sababu unasahau sharti la ugonjwa wenyewe. Mishipa potofu huchipua wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, na kilele chake huja mtoto anapokaribia umri ambao angezaliwa kwa wakati. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 na kufariki siku ya tatu hawezi kuugua. Sifuri ya shule za wasioona ilikuwa kivuli cha makaburi ya watoto wachanga, ambayo nayo hayakuwa na rejista.

Takwimu za kitaifa zinaunga mkono usomaji huu. Kwa mujibu wa tafiti za hali ya afya na idadi ya watu Tanzania, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 112 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2004–05 hadi 67 katika ule wa 2015–16, na 43 katika ule wa 2022. Vifo vya siku 28 za mwanzo navyo vilishuka, lakini kwa mwendo wa kobe: 32, kisha 25, kisha 24. Katika utafiti wa kwanza, vifo vya mwezi wa kwanza vilikuwa chini ya theluthi moja ya vifo vyote vya watoto wadogo. Katika utafiti wa 2022 vilikuwa zaidi ya nusu. Surua, malaria na kuhara vimerudishwa nyuma. Mlango wa kuzaliwa umebaki pale pale kwa kiasi kikubwa, na kuzaliwa kabla ya wakati ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya mlango huo.

Ulinganisho na karne ya 19 unasaidia hapa, mradi usivutwe kupita kiasi. Ndui iliacha vipofu kwa sababu baadhi ya wagonjwa waliishi. Surua iliacha vipofu kwa sababu hiyohiyo. Utotoni njiti, kwa muda mrefu, haukuacha vipofu kwa kuwa haukuacha mtu. Kinachobadilika sasa ni kwamba umeanza kuacha watu.

6.0 Oksijeni inapotangulia

Mabadiliko hayo yana sura kadhaa. Huduma ya kangaruu, ambayo mtoto njiti hufungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, imeenea katika hospitali za Tanzania. Mpango wa NEST360, unaohusisha Kenya, Malawi, Nigeria na Tanzania, umeshughulika na vifaa na mafunzo ya wodi za watoto wachanga, zikiwamo mashine za kusaidia kupumua. Baada ya janga la UVIKO-19, sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, uliofikia shilingi trilioni 1.3, ilielekezwa kwenye sekta ya afya, ikiwamo mitambo ya kuzalisha oksijeni. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Kitete mjini Tabora, zimo katika ngazi ambayo mabadiliko ya namna hii yanalenga. Haya ni mafanikio, na hakuna msomaji makini wa historia ya 1954 hadi 1973 atakayetamani yarudishwe nyuma.

Tatizo liko kwenye mpangilio wa kuwasili. Mtungi au mtambo wa oksijeni huweza kufungwa kwa wiki chache. Kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida ni kidogo lakini husahaulika. Pasipo hicho, mashine hutoa oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Kipimo cha oksijeni katika damu kinahitaji muuguzi wa kukitazama usiku na mchana, ili kiwango kibaki baina ya asilimia 90 na 95 pale mtoto anapopewa oksijeni. Mtaalamu wa kuchunguza retina ya mtoto mchanga huhitaji miaka mingi ya mafunzo, na nchini wataalamu hao wamekusanyika katika vituo vichache vikubwa, kama KCMC mjini Moshi na CCBRT na Muhimbili jijini Dar es Salaam. Vitu hivi vinne vinatakiwa kufika pamoja. Kwa kawaida vinafika kwa mpangilio ulioorodheshwa hapa, na upofu hutokea katika nafasi iliyo kati ya cha kwanza na cha mwisho.

Umbali unakuza nafasi hiyo. Uchunguzi wa kwanza hupaswa kufanyika takribani wiki ya nne baada ya kuzaliwa, na hali ikifikia kiwango cha kutibiwa, leza au sindano ya dawa ya kuzuia mishipa hutakiwa ndani ya saa 48 hadi 72. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 mara nyingi hufikia hatua hiyo akiwa amekwisha kuruhusiwa. Yuko nyumbani, Sikonge au Kaliua, anaongezeka uzito, ananyonya, na kwa nje macho yake ni mazuri. Mama ana kila sababu ya kuamini kwamba hatari imepita. Miezi michache baadaye anagundua kwamba mtoto hafuatishi uso wake, au kwamba mboni inang'aa nyeupe. Wakati huo retina imekwisha kubanduka.

Mfano wa mtoto wa jicho unaonesha ugumu wa safari hiyo. Utafiti uliofanyika KCMC na kuchapishwa 2005 ulibaini kwamba watoto wenye ugonjwa huo walifikishwa hospitalini baada ya kuchelewa kwa miezi mingi, na umbali wa makazi ulikuwa miongoni mwa sababu. Mtoto wa jicho aliyechelewa mwaka mmoja bado ana la kufanyiwa, ijapokuwa matokeo hupungua. Katika ugonjwa wa retina ya watoto njiti, ucheleweshaji wa wiki mbili unaweza kuwa ucheleweshaji wa maisha yote. Msafara wa Burton ulihitaji siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh. Basi la leo linahitaji siku moja kutoka Tabora hadi Dar es Salaam. Lakini siku moja haina maana kwa mama ambaye hakuambiwa kwamba kuna tarehe ya kuwahi.

Ukubwa wa suala duniani unafahamika. Makadirio yaliyochapishwa 2013 yalionesha kwamba mwaka 2010 pekee watoto njiti wapatao 20,000 walipofuka au kubaki na uoni hafifu sana kutokana na ugonjwa huu, wengi wao katika nchi za kipato cha kati. Tafiti hizo pia zimebainisha kwamba pale usimamizi wa oksijeni ni dhaifu, hata watoto wenye uzito mkubwa kuliko wale wanaougua Ulaya huathirika. Kwa hiyo vigezo vya uchunguzi vilivyoandikwa London au Boston, vikinakiliwa bila kurekebishwa, vinaweza kuwaacha nje watoto wa Tabora walio hatarini.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba upofu wa utotoni katika njia ya kati ya misafara umebadilika kulingana na nani aliyenusurika. Ndui, kisha surua na upungufu wa vitamini A, viliacha makovu ya konea kwa watoto walioishi baada ya ugonjwa. Ugonjwa wa retina ya watoto njiti haukuonekana kwa sababu wagonjwa wake watarajiwa hawakufikia umri wa kuugua. Kwa hiyo kutotajwa kwake katika maandishi ya wasafiri na katika tafiti za shule za wasioona hakupaswi kuchukuliwa kama ushahidi kwamba eneo hili lina kinga nao.

Mafunzo ya miaka ya 1942 hadi 1973 yanakataza njia mbili za mkato: kumwaga oksijeni bila kipimo, na kuibana bila kuhesabu wafu. Wodi ya watoto wachanga isiyo na kifaa cha kuchanganya oksijeni, kipimo cha damu, na tarehe ya uchunguzi wa jicho iliyoandikwa kwenye kadi ya mtoto kabla hajaruhusiwa, ni wodi iliyofika nusu. Hoja hii haipunguzi sifa ya nusu iliyokwisha kufika, kwa kuwa pasipo hiyo hakungekuwa na jicho la kuchunguzwa.

Kwa watafiti, kazi iliyo wazi ni ya kumbukumbu. Rejista za wodi za watoto wachanga katika ukanda huu zinafaa kuonesha, kwa kila mtoto njiti, umri wa ujauzito, uzito, siku alizopewa oksijeni, tarehe ya kuchunguzwa macho na matokeo yake. Safu tano katika daftari zinatosha. Zikijazwa, uchunguzi ujao wa shule za wasioona utaweza kusomwa pamoja na rejista ya walionusurika na ya waliofariki. Zisipojazwa, watoto wataanza kupofuka Tabora kama walivyokuwa wakifa hapo awali, yaani bila kuhesabiwa, na sifuri katika jedwali itaendelea kusomwa kama afya.